Banda Lilivyolewa Njiani Kwenda Kumsuka Kemunto

Wenzangu wa Kilburn, mmenichosha. Nikiegesha tu, mtu anagonga kioo: "Da Tatu, hebu tuambie, ilikuwaje?" Nikifika katikati anatokea mwingine, narudi mwanzo. Kwa hiyo nimechemsha chai, nimekaa, naandika mara moja. Mkishasoma mpitishiane, mniache nilale.

Kwa asiyenijua: mimi ni msusi. Saluni yangu ni gari, na nyumba yangu ni gari hilo hilo. Zamani lilikuwa la muuza maua, na mvua ikinyesha bado unaona ubavuni kivuli cha waridi kilichokataa kufutika. Naliita Banda. Nyuma kuna kitanda, katikati kiti cha kuzunguka nilichokifunga sakafuni kwa boliti, ukutani kioo, pembeni jiko la gesi la mafiga mawili. Wateja wangu wengi ni manesi na wanaotunza wazee, watu ambao saluni zikiwa wazi wao wako shifti au wamelala. Basi nawafuata. Shule niliiacha Korogwe nikiwa darasa la sita. Kuuliza maswali sijaacha hadi leo, na nadhani ndiko kunakonizuia kukaa mahali pamoja.

Sharti langu mnalijua. Mteja namsukia ndani ya Banda. Siingii kusuka nyumbani kwake, wala silali kwake. Si kiburi. Sisi watu wetu, ukishakaribishwa ndani, ukala, ukapewa shuka, wewe si fundi tena. Umekuwa mgeni, na mgeni haondoki anapotaka, anaondoka anaporuhusiwa. Ndani ya Banda mwenyeji ni mimi, na kazi inakwisha.

Safari hii nilikuwa nakwenda kumsuka Kemunto. Ni nesi, Mkenya wa Kisii. Nilipofika London sina hata pa kuoga, yeye ndiye alikuwa akiniachia ufunguo wa chumba chake pale Kilburn kila Jumapili, na kichwa chake ndicho cha kwanza nilichokisuka katika jiji hili. Kazi ikampeleka Aberdeen, juu kabisa huko Scotland, na huko huko akapata mchumba. Ndoa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nikamwahidi kwamba Alhamisi jioni nitakuwa nimefika, na Ijumaa kutwa nitamsuka rasta nyembamba za kufika kiunoni.

"Usije ukachelewa ukanisuka ile yenu ya kilio," aliniambia kwenye simu.

Alimaanisha twende kilioni, mistari michache ya haraka inayorudi kisogoni, ile ambayo kwetu mtu husukwa akipata habari ya msiba na basi linaondoka. Nikacheka. Sikujua nacheka mapema.

Hayes hadi Kilburn

Jumatano nilipanga kutoka London kabla jua halijapanda. London ilikuwa na mipango yake.

Nilianza Hayes, kwa Riziki, Mkongo anayefunga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa anaingia kazini muda si mrefu na kichwa chake kilikuwa kama kiota. Nikampiga twende kilioni huku ndege zikipita juu yetu kwa zamu, kila moja ikitunyamazisha sentensi katikati. Alipomaliza kujitazama akatoa mfuko mzito uliofungwa mara tatu.

"Da Tatu, si unapita Leicester? Umupatie dada yangu, Mama Furaha. Ni samaki."

Harufu ilikuwa imeshaniambia. Nikaupokea, maana kukataa samaki wa mtu ni kumkataa mwenyewe.

Neasden nilisimama kwa Mama Kusum kujaza tangi la maji. Mama Kusum ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, anakaa mitaa michache kutoka lile hekalu kubwa jeupe la Wahindu, na bomba la bustani yake liko wazi kwangu wakati wowote. Maji hayachukui hata robo saa. Lakini Mama Kusum akisikia Kiswahili cha Tanga hawezi kukuacha uondoke ukiwa mkavu.

"Kachori ziko motoni, wewe unakimbilia wapi?"

"Aberdeen, mama."

"Basi Aberdeen itahama?"

Nikala kachori. Mjukuu wake akapita akaulizwa kwa Kiswahili kama amekula, akajibu kwa Kiingereza kwamba ameshakula, akaulizwa tena, akala. Niliondoka na chupa ya achari ya embe kwapani.

Kilburn mnaikumbuka wenyewe. Nilikuja kuchukua rasta tu, rangi namba moja, nyeusi tii. Nani aliniletea sufuria la kupikia pilau ya watu wote? Nani alileta unga wa mahindi, eti Aberdeen hakuna? Mkafungua mlango wa nyuma mkapakia kana kwamba Banda ni lori la kuhama. Kitanda changu kikapotea. Nilitoka London jua likiwa limeshapita utosini, nyuma yangu sufuria likigonga kwenye kila tuta.

Kilburn hadi Leicester

Barabara ya M1 ilikuwa imejaa. Tulisimama, tukasogea, tukasimama. Dereva wa lori pembeni yangu alikuwa anafuma soksi kwenye usukani. Nikateremsha kioo nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya mguu wa kushoto, wa kulia ameshamaliza Jumatatu. Hivyo ndivyo foleni ilivyokuwa.

Nilifika Leicester jioni nikiwa nimekusudia kukabidhi samaki mlangoni na kuondoka. Mlango ukafunguliwa na Papa Dieudonné, mume wa Mama Furaha, mtu mzima mpole kutoka Bukavu, amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kanisani. Nyuma yake akatokea mkewe, kitambaa kichwani. Akaniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Weye ndiye unasukaka Riziki? Ingia."

Nikawaambia nitalala garini, nianze safari alfajiri. Papa Dieudonné alishtuka kama nimemtukania mtu.

"Apana, apana. Mu gari? Inje ya mulango yangu? Batu batasema nini?"

"Papa, nimezoea. Kitanda changu kiko humo humo."

"Ulizoea sababu ulikuwa hautujue."

Na kweli, kitanda chenyewe kilikuwa kimelaliwa na unga. Nikaingia, sharti langu nikaliacha garini. Nikala ugali na wale wale samaki niliowabeba kutoka Hayes. Nikamsuka Mama Furaha sebuleni, na mkono wake haukutulia: alikuwa ananipokea rasta, anazichambua, ananirudishia zimelingana. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema alisuka Bukavu, akasuka kwenye kambi ya wakimbizi, akaja hapa akapewa ufagio. Nikapewa shuka lenye harufu ya sabuni, na nikalala usingizi ambao, lazima niseme, ulikuwa mtamu.

Asubuhi, nikiwa kwenye chai, Papa Dieudonné akaniomba ufunguo. "Njia yetu ni ndogo. Nigeuze gari, utoke muzuri." Akakaa kitambo. Nikadhani kugeuza Banda kumemshinda. Kumbe alirudi anang'aa, akanisindikiza hadi kwenye usukani, akaninyooshea kidole kwenye sindano ya mafuta.

Ilikuwa juu kabisa.

"Ni ya njiani," akasema. "Mugeni haende na tumbo wazi, na gari yake vilevile."

Machozi yalinilengalenga. Hakuna aliyewahi kunijazia tangi. Nikawapungia mkono hadi kona.

Leicester hadi maegesho ya lori

Sijamaliza hata nusu saa barabarani, Banda likakohoa. Likakohoa tena, likatetemeka, likaanza kupungua nguvu ningali nimekanyaga. Kwa bahati kulikuwa na kibao cha kituo cha mapumziko, na tukateleza kwa mwendo wa mkokoteni hadi kwenye maegesho ya lori. Hapo likazima kabisa, na sufuria likapiga mlio mmoja wa mwisho.

Nikafungua kifuniko cha mafuta, nikanusa. Banda linakunywa dizeli. Papa Dieudonné alikuwa amelinywesha petroli.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Ilikuwa Alhamisi, nami nilitakiwa kufika Aberdeen jioni ile. Simu ikalia: Kemunto.

"Tatu, uko wapi? Mimi nimefungua nywele zote. Zimesimama kama za mtu amepigwa na stima. Mama ameniona akaanza kuomba."

"Niko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani, Kemunto. Paka mafuta, funga kitambaa."

Nilipokata, ikalia tena. Papa Dieudonné: "Da Tatu, ulishafika wapi?"

Sasa ningemwambia nini? Mtu amekupa shuka, samaki na tangi zima, umpigie simu kumwambia zawadi yake imekuua? Nikasema kuna foleni. Baada ya muda akapiga tena. Nikasema foleni imepungua kidogo.

Fundi niliyeitiwa na watu wa kituo alikuwa mama wa Kiingereza aitwaye Pauline, mnene, mchangamfu, gari lake limejaa mipira na mapipa. Kazi yake ni kuzunguka kunyonya mafuta mabaya kutoka kwenye magari ya watu. Nikasahau shida yangu kwa muda, nikamuuliza kila kitu. Akaniambia wanaokosea hivi ni wengi kuliko ninavyofikiri, na wengi hulia. Akatazama ndani ya Banda, akaona kiti, kioo, jiko, na mlima wa unga.

"Unaishi humu?"

"Ndiyo."

"Mume wangu anasema na mimi naishi kwenye hili langu. Lakini langu halina jiko." Alisema kwa wivu wa kweli. Nikamchemshia chai ya tangawizi, nikampa mkate na achari ya Mama Kusum. Jasho likamtoka, akaomba nyingine.

Akaniambia limezima mapema kiasi kwamba injini huenda imepona, lakini lazima asafishe, abadilishe chujio, tusubiri. Wakati mpira umeshaingia kwenye tangi, simu ikalia kwa video. Mama Furaha. Kidole changu kikapokea kabla akili haijakataa.

"Da Tatu, ule mama mwenye mupira ni nani?"

Nikageuza simu. Nimechelewa.

"Dieudonné!" nikamsikia anaita. "Kuya uone!"

Ikabidi nitaje kituo, nao wakaja. Papa Dieudonné alikuwa amevaa suti nzima na tai, kama mtu anayekwenda kupeleka rambirambi. Mama Furaha alibeba chungu cha sombe, kisamvu cha kwao, kilichofungwa blanketi. Papa akasimama mbele ya Banda, kofia mkononi, hakuniangalia usoni.

"Niliweka ile ya bei ya juu kabisa," akasema. "Nilisema, yetu ninaitiliaka ya kawaida, lakini ya mugeni iwe ya muzuri. Nimeua gari yako."

"Papa, halijafa," nikamwambia. "Limelewa tu. Pauline analitapisha."

Mama Furaha alicheka hadi akashika ubavu wa Banda. Papa hakucheka. Pauline, ambaye hakuelewa neno, akampigapiga bega akamwambia ameona mabaya zaidi. Nikamwambia Papa kwamba kwa muda niliobaki nao sitaweza kumaliza kichwa cha Kemunto peke yangu, na kwamba hilo si kosa lake, ni la foleni, ni la kachori, ni la kila mtu. Hapo Mama Furaha akafungua mlango wa gari lao akatoa begi. Lilikuwa limeshafungwa tangu nyumbani.

"Minaenda naye. Niko na mikono."

"Na chakula yangu?" akauliza Papa Dieudonné.

"Na weye uko na mikono."

Banda likawaka jioni. Lilitoa moshi mmoja mweupe wa aibu, kisha likanguruma kama zamani. Sijawahi kupenda mlio wowote kama ule.

Kuingia Scotland

Sijawahi kulala na mtu mwingine ndani ya Banda. Mama Furaha aliingia akakagua kama mkaguzi wa afya. Tulipoegesha karibu na mpaka, mahali penye upepo wa bahari na kondoo wanaotazama watu bila haya, alihamisha unga chini ya kiti, akaning'iniza sufuria darini kwa kamba, akanitolea kitanda changu kwenye kaburi lake. Asubuhi nikatafuta chanuo langu la mkia mrefu nisilione.

"Niliweka mahali pazuri," akasema.

"Wapi?"

"Pazuri."

Tulilipata kwenye friji ndogo, kando ya achari. Mimi niliswali, yeye akaomba kwa sauti ya kuamsha kondoo, tukala sombe baridi, tukaondoka kwa mwendo wa pole, maana Pauline alituonya tusilikimbize Banda. Njia nzima aliniuliza kwa nini sipangi nyumba. Nikamwambia nyumba zinanibana.

"Miye nyumba iliniponyaka," akasema. "Lakini na hii ni nzuri. Inaenda."

Simu ya Kemunto ililia mara nyingi hata nikamkabidhi Mama Furaha azungumze naye. Walikuwa hawajuani. Nikiwa nimefika daraja kubwa la kuvuka mto, walikuwa wameshaitana dada.

Aberdeen

Tulifika Ijumaa, alasiri imechakaa. Nyumba ya Kemunto ilikuwa imejaa watu: manesi wenzake, majirani, ndugu wa mchumba wenye nywele nyekundu wamekaa kwenye ngazi na sahani magotini. Mlangoni alisimama mama yake, aliyekuja kutoka Kisii, mama mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Karibuni, karibuni! Mkule kwanza."

"Mama, shikamoo. Tumechelewa, tuanze na kichwa."

"Hakuna mgeni anashika kazi kwangu kabla hajakula. Na baada ya kukula mpumzike. Mmetoka mbali."

Nikaona siku ile inaniponyoka. Wali ungekuja, kisha chai, kisha maombi, kisha watu wa kusalimiwa mmoja mmoja, na Kemunto angefunga ndoa na nywele za mtu aliyepigwa na stima. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa pembeni, taulo kichwani, anatabasamu kwa wageni kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikamwonyesha mlango kwa kidevu.

Alitoka akidai anakwenda kunisaidia sufuria. Akapanda Banda, akakaa kwenye kiti, Mama Furaha akaingia nyuma yake, nikafunga mlango. Taulo likaanguka.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nilikuambia."

"Dada," Mama Furaha akamwambia akichukua upande wa kushoto, "hii ni nywele, haiko tatizo."

Tukaanza. Mimi kulia, yeye kushoto, vidole vyetu vikikutana kisogoni. Kemunto alishusha mabega pumzi ya tatu tu. Akasema tangu Jumatatu hajakaa penye kimya. Kisha mama yake akapiga hodi, ngumu.

"Kemunto! Wageni wanakuulizia!"

Kemunto akajikunja kwenye kiti. Mimi nilikuwa na chanuo mkononi na sharti langu kichwani. Nikafungua mlango.

"Mama, humu ni kwangu," nikasema kwa adabu zote nilizonazo. "Karibu sana. Lakini kwangu anayeingia anavua viatu, na anashika kazi."

Alinitazama. Nikadhani nimeharibu harusi. Kisha akainama akafungua viatu vyake, akaviweka sambamba kwenye ngazi, akaingia. Nikampa fungu la rasta achambue, akakaa kitandani, magoti yake yakigusana na ya bintiye.

Nje kulikuwa bado kweupe. Scotland majira yale jua halina haraka ya kwenda kulala. Mama akasema polepole, "Tangu nifike sijakaa na huyu mtoto. Kila saa ni wageni. Nimepika mpaka nimesahau nimekuja kwa nani."

Kemunto aliinamisha kichwa mbele hadi paji la uso likatua kwenye mapaja ya mama yake, na hapo akalala, kisogo kikiwa juu, jambo ambalo kwa msusi ni zawadi. Tukamsuka hivyo hivyo. Wageni waligonga, na mama yake mwenyewe akawa anawajibu kupitia dirishani: "Ngojeni. Tuko na kazi."

Tulipofikia mistari ya kisogoni akauliza kwa sauti ya chini, "Hii style inaitwaje?"

Mistari ile ya mwanzo ilikuwa imelala nyuma sawasawa na ya twende kilioni. Nikasema, "Rasta tu, mama. Za harusi."

Tukamaliza kabla giza halijaingia vizuri. Jumamosi asubuhi, Kemunto alipotoka mlangoni zile rasta zikimgusa kiuno, mchumba wake alisahau aliambiwa asimame upande gani. Mama Furaha alipiga vigelegele hadi jirani mmoja akatoka na mbwa. Mimi nilikwenda nyuma ya Banda nikakaa chini, mgongo kwenye tairi.

Kurudi

Njia ya kurudi haina kisa. Banda lilikwenda kama limetubu. Karibu na Leicester nilisimama nikaandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mafuta: DIZELI, PAPA. Mama Furaha akasema niongeze "tafadhali." Nikaongeza.

Papa Dieudonné alikuwa barabarani anatusubiri. Alimkumbatia mkewe, akakisoma kifuniko, akakisoma tena, na mara hii akacheka. Kisha akanionyesha mlango wake.

"Leo unalala ndani."

"Leo, Papa, nyinyi ndio wageni."

Wakavua viatu. Papa Dieudonné akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akajizungusha mara moja kwa uangalifu, akasimama penye kioo akajitazama. Nikapika ugali wa unga wenu wa Kilburn, ambao Aberdeen upo tele, nikawapa na achari ya Neasden. Tulikula magoti yakigongana. Tulizungumza hadi sahani zikakauka.

Mwisho Papa Dieudonné akaweka mikono magotini, akanitazama kama mgeni anayemwaga mwenyeji wake.

"Basi, Da Tatu. Utupatie ruhusa tuende."

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka.

"Bado," nikasema, nikawasha jiko. "Chai ya pili haijachemka."